Mjadala: Fomu ya lugha ya nyumbani Marekani, tuandike Kiswahili au Kiingereza?

Mleta mada: Wakuu, ukiandikisha mtoto shule Marekani unapewa fomu ya lugha ya nyumbani. Kwa kawaida ina maswali matatu: mtoto alianza kusema kwa lugha gani, sasa anaongea zaidi ipi, na nyumbani mnatumia ipi. Wazazi wetu wengine wanajaza Kiingereza kote ili mtoto asitengwe. Naona wana haki. Mtoto kazaliwa huko huko, anapimwa nini?

Mwalimu: Ndugu, fomu haimpangii mtoto darasa. Jibu lisilo Kiingereza linafungua jaribio la Kiingereza tu: kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika. Akifaulu, habari imeishia hapo. Asipofaulu, shule inatakiwa kumwarifu mzazi ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, au wiki mbili kwa aliyeingia katikati, na mzazi anaweza kukataa vipindi vya ziada vya Kiingereza.

Ukiandika Kiingereza, mara nyingi jaribio halifanyiki. Mtoto anaongea vizuri uwanjani, lakini akipewa hesabu ya maneno yenye sentensi tatu anakwama, na anadhaniwa ana tatizo la akili wakati kilichomshinda ni lugha ya swali. Haki ya kusaidiwa lugha ilipiganiwa: mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyohusu wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, Mahakama ya Juu ilisema kumpa kila mtoto kitabu kilekile na mwalimu yuleyule si usawa ikiwa haelewi lugha ya kufundishia.

Mleta mada: Sawa, lakini malizia. Hata mzazi akikataa vipindi, mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka uko palepale mpaka mtoto afikie alama iliyowekwa na jimbo. Wapo wanaofika sekondari bado wamo kwenye orodha ya wanaojifunza Kiingereza, na vipindi vimewapotezea masomo mengine.

Mwalimu: Hilo kweli, na ni kosa kubwa. Wengi wanakwamia kusoma na kuandika, si kuongea. Mzazi asikubali alama ya jumla peke yake. Adai alama za sehemu zote nne, aulize mtoto anatolewa kwenye somo gani ili aende vipindi hivyo.

Mkalimani: Mnabishana Kiswahili na Kiingereza, na familia nyingi za Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, nyumbani ni Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge! Karani akisikia "Kongo" anaandika Kiswahili, basi. Baadaye inakuja barua ya Kiswahili sanifu, "tathmini ya umahiri wa lugha", na mama wa Fizi, huko Kivu Kusini, haielewi. Mwambie kwa mdomo "watapima mtoto kama anajua Kingereza", ameelewa.

Kwa hiyo jazeni lugha halisi ya mtoto, hata kama karani hajawahi kuisikia. Lugha ya kuwasiliana na mzazi ni swali jingine: hapo andikeni mnayoielewa, na ongezeni kwamba mnataka mkalimani wa kuongea, si barua. Na mtoto asigeuzwe mkalimani wa kikao kinachomhusu yeye mwenyewe.