Naomba ushauri: njia ya farasi Kaole inakatwa na maji

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Sisi ni kikundi kidogo cha wapanda farasi hapa Bagamoyo. Kila baada ya muda tunajitolea kusafisha njia ya udongo inayokwenda upande wa Kaole, maana wanaipita pia wauza samaki wa baiskeli na watoto wa shule.

Tabu ni masika. Kuna mteremko maji yanashuka katikati ya njia, yanachimba mfereji, kisha bodaboda wanaumalizia. Farasi akitumbukiza mguu humo anaweza kuvunjika, na mguu wa farasi ukivunjika mara nyingi ndiyo mwisho wake. Tumejaza mchanga, ukaondoka na mvua. Tukaweka makumbi ya nazi, yakaoza na kuwa utelezi mtupu. Fundi mmoja ametushauri tulaze magogo kimshazari ili maji yatoke pembeni, ila mimi nahofia kwato zitateleza gogo likilowa.

Waliowahi kufanya kazi hii: magogo au mawe? Na yazame kiasi gani ardhini?

La pili, karibu na mikoko kuna matawi yanampiga mpandaji usoni. Mikoko ni hifadhi, kuikata kunahitaji kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania), hilo tunalijua. Je, hata kupunguza vitawi vilivyoingia njiani kunahitaji kibali hichohicho, au tuanzie serikali ya mtaa? Wenzangu wengine wanataka tukate tu kimyakimya. Mimi sitaki.