Eti "Mzee, umekufa?" Yaani Mtwara hii mtu husinzii hata kwenye gari lako!

Wakuu, naandika huku mkono unatetemeka. Yule jamaa wa reflekta pale Shangani, mnamjua, simtaji. Leo kanitusi tusi ambalo babu mzaa babu yangu hakutukanwa hata na Mjerumani.

Nimetoka Nangurukuru alfajiri, nimekula wali na changu wa nazi. Saa nane hiyo, jua hadi mbuzi wanagombea kivuli cha nguzo ya umeme. Nikaegesha chini ya mwembe, kioo nimeshusha vidole viwili, kiti nimelaza, viatu nje, kofia usoni. Upepo wa bahari unaingia taratibu. Jamani, usingizi wa kwenye gari baada ya wali, sita kwa sita haioni ndani! Nilishafika pale pa kuota hela ya korosho imeingia kwenye simu.

Ko! Ko! Ko! Sarafu kwenye kioo. "Mzee, umekufa?"

Nina miaka 38! Nafumbua macho, watu kama mia wamezunguka gari, dogo wa bodaboda anarekodi, mama mmoja kashajifunga kanga kiunoni tayari kwa kilio. "Mzee, umekufa?" Namwambia nimelala, anasema kulala hapa marufuku. Kwa sheria ipi? "Sheria ya kulala." Yule mama kaondoka kanuna, kama nimemdhulumu msiba wake.

Mkorosho Mkavu: Ulikuwa unakoroma? Maiti haikoromi, jamaa angejua.

Mleta uzi: Mimi sikoromi.

Binti Mikindani: Nilikuwepo. Alikuwa anakoroma. Mdomo wazi, nzi anaingia anatoka kama kwake.

Suka wa Lori: Kulala si kosa, angalia tu umeegesha wapi na umekunywa nini. Uingereza ukikutwa umelewa, umelala kwenye gari na funguo unayo, unaweza kushtakiwa hata kama injini imezimwa. Mimi dakika ishirini pembeni ya barabara nazipenda kuliko kusinzia na usukani pale Somanga. Ila usilale umewasha injini ndani ya banda lililofungwa. Ule moshi una sumu isiyo na harufu, hapo jamaa angeuliza kwa haki kabisa.

Mleta uzi: Nilikunywa dafu! Na hilo "mzee" mbona hamlioni?

Mkorosho Mkavu: Tupia picha tuamue.

Kaka wa Chikongola: Changu wa nazi umekula wapi? Ninapokula mimi kipande siku hizi saizi ya stempu.

Binti Mikindani: Afadhali stempu. Mimi jana nimeuziwa pweza anatafunika kama kandambili.

Mtoto wa Lindi: Nyie mnalala mchana, huku kwetu umeme ukikatika usiku mbu wanakubeba na godoro.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. KANIAMBIA NIMEKUFA.

Kaka wa Chikongola: Pole mkuu. Sasa huyo changu, ni wapi?