Uzi wa mafundi bomba: mara ya kwanza kumwaga maji ya watu ilikuwaje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Kuna dogo hapa nyumbani kaanza usaidizi kwa fundi bomba, wiki ya pili tu karudi kalowa mpaka soksi na hataki kusema kilichotokea. Nimecheka sana maana na mimi yalinikuta mwezi wa kwanza. Waliopita njia hii njooni mseme, ulianzaje, uliharibu nini, na kitu gani ulitamani mtu angekuambia mapema. Naanza mwenyewe.

Fundi alinipa koki ya sinki nibadilishe, akaniuliza umefunga maji? Nikajibu kwa kujiamini nimefunga. Kweli nilifunga, ila nilifunga kale kavalvu ka maji ya moto na koki niliyokuwa naifungua ni ya baridi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba moto kwa kawaida unakaa kushoto na baridi kulia. Nati nikaizungusha mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu maji yakagonga dari. Nikaziba na kidole gumba, maji yakawa yanatokea pembeni yananiingia machoni, napiga kelele tu. Fundi hakunigombeza, akatoka nje taratibu akafunga, akarudi akaniambia nionyeshe valvu kuu ya nyumba hii iko wapi. Sikujua. Toka siku hiyo nikiingia kwa mtu, kabla hata sijaweka begi chini naulizia valvu kuu, na naijaribu, maana nyingine zimekaa miaka hazijaguswa, unafunga mpaka mwisho na maji bado yanapita. Nikishafunga nafungua koki ya chini kabisa mpaka bomba liishiwe, hapo ndo nagusa nati ya mtu.

Elbo Nusu:
Mimi mashine ya PPR, ile ya kuunga mabomba ya plastiki kwa moto, ndo iliniumbua. Miezi mitatu kazi yangu ilikuwa kutindua ukuta na kubeba mabomba, kuchomelea naangalia kwa mbali. Siku moja fundi kafuata fitingi (viungio vya bomba) dukani, nikaona hapa ndo pa kumwonyesha nimeiva. Sasa ile mashine unaiweka nyuzi 260, bomba la milimita 20 linakaa kwenye moto kama sekunde 5 tu, la 25 sekunde 7, unachomoa unalisukuma moja kwa moja kwenye fitingi bila kulizungusha, unashikilia mpaka litulie. Mimi nikawa nahesabu mpaka kumi na tano, akilini mwangu ikiyeyuka zaidi itashika zaidi si ndio. Kwa nje jointi nzuri kama za kiwandani. Tukapima presha, hakuna hata tone, fundi akanisifia kabisa. Kuja kufungua maji, bafuni yanatoka kama machozi. Kakata elbo moja, kile kiungio cha kona, ndani plastiki imeyeyuka imejikusanya, tundu lililobaki labda upitishe njiti ya kiberiti. Jointi kumi na moja wakuu!! Na upande mmoja ulishapigwa plasta, tukatindua upya. Ile elbo fundi alinipa niitunze, ninayo mpaka leo, kijana mpya akija kwangu namkabidhi achungulie kwanza ndo tuongee mengine.

Mzee wa Geji:
Sisi tulijaza presha tukaacha usiku kucha, asubuhi geji, kile kipimo cha presha, imeshuka. Tumekagua nyumba nzima siku nzima, kuta zimepapaswa zote. Kumbe inavuja jointi ya geji yenyewe. Sina la kuongeza.

Tepu Tatu:
Mwanzoni tepu, ile nyeupe ya kuzungushia uzi wa fitingi isivuje, nilikuwa naizungusha upande wowote mkono unaopenda. Kumbe inafuata upande ule ule fitingi inakokazwa, ukiipeleka kinyume ukianza kukaza inajikunja na kutoka yote, unabaki na uzi mtupu. Halafu nikaja na kosa la pili baya zaidi, kila kinachovuja nakaza. Nikachukua pairenchi kubwa (spana ya mabomba) nikakaza nipo ya chuma, kile kipande kifupi chenye uzi, kwenye soketi ya plastiki, ikalia ta! kidogo tu, nikajua imekaa. Kesho yake mteja anapiga simu ukuta umelowa. Plastiki ikikaa inatosha, robo mzunguko wa hasira ndo unapasua.

Katani Original:
@Tepu Tatu tepu zenu hizo. Bomba la chuma ni nyuzi za katani na pasta ya kuzibia, jointi niliyofunga nikiwa msaidizi bado inadunda na mimi nina mvi. Ila kwenye plastiki nakubali, katani ukiijaza sana inatanuka ikilowa na soketi inapasuka, hilo limenikuta pia, sitaki maswali.

Dada Chemba:
Mimi mwanamke, mwaka wa kwanza kila mlango nikigonga naulizwa fundi yuko wapi. Nilipewa upande wa maji machafu kwa sababu wenzangu hawautaki, na huko ndo nikapatia jina. Bomba la milimita 100 nilifundishwa kulipa mteremko wa sentimita 2.5 kila mita moja, pimamaji na kamba kila hatua, sio kwa jicho. Jicho linadanganya, nililiamini mara moja tu, bomba lilipanda katikati kidogo sana na lile tumbo likawa linaziba kila baada ya wiki mbili nikawa naitwa mimi mimi kulizibua bure.

Kisa ninachokipenda ni nyumba iliyokuwa inanuka. Tumefungua chemba zote, tumemwagia kila aina ya dawa, tunanusa kama paka, siku mbili. Jioni ya pili ndo nikaingia chumba cha wageni kisichotumika, naangalia trapu ya sakafuni, kavu kabisa. Yale maji yanayokaa kwenye mkunjo ndo yanayozuia hewa chafu isirudi ndani, na chumba kisipotumika muda mrefu yanakauka. Nikamwaga jagi moja, harufu ikakata usiku ule ule. Fundi alinitazama tu akasema tungeanzia hapo tungekuwa tumelala.

Naharibu vicheko:
Samahanini kidogo. Nina miezi miwili kazini bosi akaniambia shuka kwenye shimo la maji machafu kuna kitu kimeziba. Nilishavua viatu. Kibarua mmoja mzee akanishika mkono akasema huyu hashuki, wakagombana pale pale. Baadaye ndo nikaelewa. Ile hewa yenye harufu ya yai bovu ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unaona harufu imeisha kumbe ndo imezidi, na mtu akianguka anayeruka kumwokoa naye anaanguka juu yake. Fanya kwa juu, kwa fimbo ndefu, kwa waya, kwa gari la kunyonya. Ukilazimishwa kushuka acha kazi siku hiyo hiyo, bosi mwingine utampata.

Begi la Fundi:
Mimi nilibeba begi miaka miwili. Kila ikifika hatua ya kuunga natumwa dukani, nikirudi ukuta umeshafunikwa. Jamaa alikuwa anaogopa nitamnyang'anya wateja. Ila kule dukani ndo nikajifunza majina na saizi zote, halafu nikirudi nahesabu fitingi zilizobaki, najua katumia tii mbili na yunioni moja, usiku nachora njia ilivyopita. Siku aliumwa nikamaliza bafu zima peke yangu, akaja kukagua amenuna. Dogo akubaliane mapema na fundi wake, kubeba mpaka lini na kushika mashine kuanzia lini. Na hela ya nauli isiwe ya kuombwa kila asubuhi kama msaada.

Mgeni wa Kazi:
Wakuu mimi naanza mwezi ujao, ninunue vifaa gani kwanza? Hela ni ndogo.

Elbo Nusu:
@Mgeni wa Kazi pairenchi MBILI kabla ya kitu chochote. Moja inashika, moja inazungusha. Ukiwa na moja unazungusha koki na bomba la ndani ya ukuta linazunguka nalo, halafu unaanza kutindua vigae vya watu. Ukipata na tochi nzuri ya kichwani umemaliza, vingine vitakuja.

Mwanzisha uzi:
Nimemsomea dogo uzi wote jioni hii, akacheka mpaka kafunguka. Kumbe valvu alifunga vizuri kabisa. Sinki lilikuwa limeziba, kaweka ndoo chini, kafungua trapu, maji machafu yote yameingia kwenye ndoo, safi, hajamwaga hata tone. Halafu kainuka na ile ndoo, kaimwaga kwenye sinki lile lile.