Nitamuagaje baba kwa dakika tano bila kushindwa kumaliza?

Kifunguamimba
Wakuu habari za muda huu. Baba yangu amefariki Jumatatu alfajiri, mazishi ni Jumamosi, na mimi ndiye mkubwa kwa hiyo nimeambiwa nisome wasifu wa marehemu halafu niseme neno kwa niaba ya watoto. Dakika tano. Tangu jana nimekaa na daftari nimejaza kurasa nne, kazaliwa lini, kasoma wapi, kaajiriwa mwaka gani, kastaafu mwaka gani, nikirudia kusoma naona kama namuombea mzee kazi, mwenyewe simuoni humo ndani kabisa. Na kuna kingine naona hata aibu kukisema, sijalia. Hata chozi moja. Nimepokea simu za watu, nimefuatilia kibali cha mazishi, nimechagua jeneza, suti yake nimeinyoosha kwa mkono wangu, watu wananiambia umejikaza sana na mimi moyoni najiuliza nina tatizo gani, maana huyu mzee nilimpenda kuliko mtu yeyote. Naogopa nikisimama mkavu wataniona sina uchungu, au ndio nianzie kulia hapohapo kwenye maiki nishindwe kumaliza. Aliyepitia hili anisaidie hata kwa maneno mawili.

Mama Pacha
Pole sana mdogo wangu. Kwanza hivyo ni vitu viwili, usivibebe vyote. Wasifu mpe baba yako mdogo au rafiki wa mzee asome, tarehe na kazi zikae huko, wewe baki na neno la watoto. Mimi wa kwangu nilikuwa nimeandika mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu, yaani ungebadilisha jina ungemsomea marehemu yeyote. Usiku wa kuamkia mazishi naenda chumbani kwake naikuta redio yake, kifuniko cha betri kilipotea miaka mingi, betri zimeshikiliwa na kibanio changu cha nywele cha shule ya msingi, kile cha mpira. Tulishamnunulia redio nyingine akaigawa. Nikaacha karatasi yangu yote, nikasimulia redio tu. Watu walianza kwa kucheka, halafu jirani yetu mmoja ambaye siku zote nilimuona mkali ndiye wa kwanza kutoa leso. Tafuta redio ya baba yako, haikosekani.

Jembe Halilimi
Pole mkuu ila jikaze, wewe ni mtoto wa kiume na ndio mkubwa, ukiangua kilio mama na wadogo zako watashikwa na nani? Soma umalize, ukalie nyumbani.

Kaka Mkubwa
Hapo juu nakataa aisee. Sijawahi kusikia watu wanatoka kuzika wanalaumiana eti kijana kamlilia baba yake kupita kiasi. Cha msingi ni maandalizi. Andika kwenye karatasi sio kwenye simu, herufi kubwa, upande mmoja tu na kurasa uzipe namba, machozi yakija herufi ndogo zinaogelea huoni kitu. Soma kwa sauti, ukisoma kimoyomoyo unajidanganya, na kila siku utaona kuna mahali palepale sauti inakatika, hapo weka alama kwa kalamu nyekundu. Siku yenyewe ukifika kwenye alama simama, kunywa fundo la maji, pumua, hakuna anayekukimbiza. Nakala ya pili mpe mdogo wako akae karibu, mkubaliane kabisa kwamba ukimwangalia tu anakuja anaendelea ulipoishia. Mimi nilimuweka dada yangu na sikumhitaji, nadhani ni kwa sababu nilijua yupo. Na dakika tano kwa mwendo wa mtu mwenye majonzi ni maneno kama 500 hivi, kwa hiyo hizo kurasa nne hata ukitaka haziingii.

Nusu Yatima
Pole ndugu yangu. Mimi nijibu hilo la kutolia maana nililipitia. Nilishasoma mahali kuhusu zile hatua tano za maombolezo, yaani kukataa, hasira, kujadiliana, huzuni na kukubali, nikawa najipima kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo, mbona hasira sijaipata, mbona niko hivi. Baadaye ndio nikajua kwamba yule daktari wa magonjwa ya akili, Elisabeth Kübler-Ross, alipoziandika 1969 alikuwa anaongelea wagonjwa wanaokabiliana na kifo chao wenyewe, sisi tuliobaki tukaja kuunganishwa baadaye. Kwa hiyo usijitafute humo. Nilimzika baba macho makavu kabisa, kama wiki sita zikapita, niko kwenye foleni benki mtu nyuma yangu akakohoa kile kikohozi cha baba, kile cha kusafisha koo mara mbili kabla hajaongea, nikageuka. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Saizi una shughuli nyingi ndugu yangu, mwili unajua.

Kifunguamimba
Asanteni sana, sikutegemea. Wasifu nimempa baba mdogo. Mama Pacha redio ya baba yangu ni mlango. Kila usiku kabla ya kulala alikuwa anauliza kwa sauti kutoka chumbani kwake, mlango umefungwa? Unamjibu ndio baba. Halafu anaamka anaenda kuujaribu mwenyewe, mara mbili, unasikia kitasa. Tulikuwa tunamcheka sana. Hata alipokuwa hoi kitandani, sauti imebaki ndogo, aliniuliza hilohilo. Basi nimeandika hiyo tu, inatoka dakika nne na kidogo, alama nyekundu ziko mbili. Nakala nyingine ninayo ya mdogo wangu.

Jana usiku nimekaa sebuleni narudia kuisoma, mdogo wangu akauliza kutoka chumbani, kaka, mlango umefungwa? Nilishindwa kumjibu. Akatoka, akanikuta, tukakaa hapo chini wote wawili mpaka saa tisa.