Markdown: orodha ina mianya, vitone vinatoka nje, hatua ya 13 imemezwa na aya

mwanagenzi_sola

Wakuu, habari za kazi. Nina mwongozo wa kufunga sola wenye hatua 15, umeandikwa kwa Markdown (maandishi ya kawaida yanayopangwa kwa alama chache) na programu inayouonyesha inafuata CommonMark, yaani kanuni sanifu za Markdown. Yamenishinda matatu:

Hatua 1 hadi 10 zimeachana sana, ilhali mstari mtupu nimeuacha mahali pamoja tu, kati ya 5 na 6.

Vitone vya chini ya hatua ya 4 vimekaa ndani vizuri. Vya chini ya hatua ya 10 vimetoka hadi ukingoni, na nafasi nilizoweka ni zilezile tatu.

Baada ya hatua ya 12 kuna sentensi "Sasa upande wa taa:", kisha 13, 14 na 15. Zote zimeungana na hiyo sentensi, zinasomeka kama aya moja.

kistari_na_nyota

Mkuu, naanza na la 10 maana ndilo linalowasumbua wengi. Kitone kinaingia ndani ya hatua pale tu kinapoanzia chini ya herufi ya kwanza ya maneno ya hatua hiyo, au kulia kwake kidogo. "4." na nafasi moja ni herufi tatu, kwa hiyo nafasi tatu zilitosha. "10." na nafasi yake ni nne. Zako tatu zimepungua moja, basi programu ikafunga orodha ya namba na kuanzisha nyingine ya vitone. Iwe hivi (nimeweka · mahali pa nafasi ili uzihesabu):

```
10.·Unganisha betri na kidhibiti chaji
····-·waya mwekundu kwenye chanya
····-·waya mweusi kwenye hasi
```

Tumia nne kila ngazi, hata chini ya hatua ya 4. Haziharibu kitu, na Markdown ya awali ya John Gruber (2004) nayo ilihesabu kwa nne. Ila usiziweke mwanzoni mwa aya iliyo nje ya orodha: baada ya mstari mtupu, nafasi nne zinaigeuza aya kuwa kisanduku cha msimbo.

Hatua ya 13: weka mstari mtupu kabla yake, basi. CommonMark hairuhusu orodha ya namba kukatiza aya isipokuwa inaanza na 1. Sababu ina mantiki: sentensi ndefu ikikatika vibaya, mstari unaofuata unaweza kuanza na "13." bila mtu kukusudia orodha. Vitone havina sharti hilo.

mhariri_wa_usiku

Naongezea kuhusu mianya. Mstari mtupu mmoja kati ya hatua mbili zozote unailegeza orodha nzima, maana kila hatua inafungwa kama aya kwenye HTML (msimbo wa kurasa za wavuti) na kupata mwanya wa aya. Ufute huo wa kati ya 5 na 6, zote zitabanana.

Inakuwa tabu pale hatua inapohitaji maelezo ya ziada. Ukiacha mstari mtupu ndani ya hatua ili uandike aya ya pili, orodha inalegea tena. Njia ya kukwepa ni kumalizia mstari wa kwanza kwa `\` na kuendelea mstari wa chini, ukiusogeza nafasi nne. Maneno yatashuka bila aya mpya. Nafasi mbili mwishoni mwa mstari hufanya kazi hiyohiyo, ila hazionekani na baadhi ya vihariri huzifuta vinapohifadhi faili. Kama maelezo ni marefu kweli, iache ilegee tu, inasomeka vizuri zaidi.

Na usichanganye `-` na `*` katika ngazi moja. Alama ikibadilika, hiyo ni orodha mpya.

mwanagenzi_sola

Shukrani wakuu, yote matatu yamekaa sawa. Limebaki moja: orodha ya vifaa niliyonakili kutoka Word haigeuki vitone, mistari inafuatana tu. Mingine ina •, mingine nimeshaweka `-` mwenyewe na bado imegoma.

kistari_na_nyota

Alama ya • kwa Markdown ni herufi ya kawaida tu. Zinazokubalika ni `-`, `*` na `+`. Hiyo mingine iliyogoma, angalia nafasi iliyo baada ya kistari: huenda ni ile isiyokatika (herufi tofauti na nafasi ya kawaida, msimbo wake U+00A0) iliyokuja pamoja na maneno uliyonakili. Kwa macho huwezi kuitofautisha, lakini programu haiihesabu kama nafasi. Ifute, kisha bonyeza kitufe cha nafasi upya. Kama mistari ni mingi, nakili nafasi moja kama hiyo, ibandike kwenye kisanduku cha tafuta-na-badilisha, weka nafasi ya kawaida upande wa pili, badilisha zote kwa pamoja.