Mjadala: Mwenye transmita alazimishwe kubeba geji ya mshale?

Mtoa hoja
Wazamiaji wengi wanaoshuka Mnemba, Pemba na Watamu siku hizi husoma hewa iliyobaki kwenye silinda kwa kompyuta ya kuzamia wanayovaa mkononi. Transmita, kifaa kinachoitumia kompyuta hiyo presha ya silinda bila waya, hufungwa kwenye tundu la presha ya juu la regileta (kifaa kinachopunguza presha ya hewa ya silinda ili ipumulike), namba zinakuja kila baada ya sekunde chache, bomba la mpira la geji hakuna. Nataka kila boti iweke sharti: mwenye transmita awe pia na geji ya mshale, saa ya presha inayofungwa kwenye regileta kwa mpira. Betri ikifa mita 25 chini, utajuaje kama umebaki na baa (kipimo cha presha) 120 au 60?

Fundi wa regileta, Nungwi
Napinga, ndugu. Kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kuvuja. Geji na mpira wake huunganishwa na kipini kidogo chenye oringi (pete za mpira za kuziba) mbili, na hizo ndizo huchoka mapema; utaona povu jembamba likitoka shingoni mwa geji. Mpira nao huchakaa pale unapopinda karibu na regileta, chini ya kile kifuniko cha kuukinga, na watu hawakivuti kamwe kuangalia. Isitoshe, geji ya mshale hudanganya. Ndani mna mrija wa chuma uliopindwa ambao hujinyoosha presha ikipanda. Ukigongwa au ukiingia maji ya chumvi, mshale hukwama. Geji inayobaki 20 baada ya kutoa presha yote, ikikwambia una 50 huenda una 30. Transmita ikizimika, mtu apande na mwenzake, mzamo umekwisha.

Mwongoza wazamiaji, Watamu
Fundi, kuvuja kweli, lakini kwa kasi gani? Hewa ya presha ya juu hupita kitobo chembamba mno kuingia mpira wa geji. Ukipasuka, kelele ni kubwa kuliko hewa inayopotea, na muda wa kupanda unaupata. Mpira wa presha ya chini, ule unaopeleka hewa mdomoni, ndio humaliza silinda upesi.

Kuna na suala la valvu ya silinda. Ikifunguliwa kidogo tu, geji husoma 200 vizuri ukiwa botini. Vuta pumzi nne ukiutazama mshale: ukishuka kila unapovuta kisha ukarudi, valvu haijafunguka. Transmita inayotuma kila sekunde 5 inaweza kuuruka mtikisiko huo. Mimi nataka sharti, hasa kwa vifaa vya kukodisha.

Mkufunzi, Diani
Mnagombania chombo, namba mmeiacha. Hatari kubwa ni ile kauli ya "rudi na baa 50" inayotolewa kwa kila mzamo, uwe wa mita 12 au 30. Pigeni hesabu. Mmoja kaishiwa hewa akiwa mita 30, wawili wanapumua silinda moja, kila mmoja kwa hofu anatumia lita 30 kwa dakika akipimwa juu ya maji. Kule chini presha ni mara 4 ya juu ya maji, basi dakika moja ya kutulia na kupeana regileta ni lita 240. Kupanda hadi mita 5 kwa mita 9 kwa dakika ni kama lita 500. Dakika 3 za kusimama pale kwa usalama, 270. Kumalizia hadi juu, 75. Jumla inakaribia 1,090, na kwa silinda ya alumini ya lita 11 hiyo ni baa 100 hivi. Baa 50 ni lita 550, nusu tu ya zinazohitajika! Geji hata tatu hazimsaidii mtu aliyepewa kikomo kibovu.

Fundi wa regileta, Nungwi
Hesabu hiyo naikubali kabisa. Basi kwa vifaa vya kukodisha nalegeza: geji iwepo, ila ikaguliwe kila asubuhi kama inarudi sifuri, na valvu ifunguliwe kioo kikiwa kimegeuziwa mbali na uso.

Mwongoza wazamiaji, Watamu
Ongezeni hili. Kompyuta iliyounganishwa na transmita ya mtu mwingine humwonyesha mtu hewa ya silinda isiyo yake. Kabla ya kuruka kila mmoja ataje namba yake kwa sauti, kisha valvu moja moja ifungwe, mwenye silinda avute pumzi mbili tatu na kuangalia kama namba yake ndiyo inayoshuka. Baada ya hapo valvu ifunguliwe tena yote, na zile pumzi nne zirudiwe.