Bakteria wapenda asidi hulaje fenoli katikati ya metali nzito?

Mwanamaabara: Naomba ufafanuzi. Maji ya mto Río Tinto, mkoani Huelva nchini Uhispania, yana pH (kipimo cha asidi; kadiri ilivyo chini ndivyo asidi ilivyo kali) inayokaribia 2.3 na yamejaa chuma, shaba na zinki. Hata hivyo, katika maji ya namna hiyo wamo bakteria wanaoishi kwa kula kampaundi za kaboni, na Acidocella aromatica huvunja hata fenoli, kampaundi ya kaboni iliyo sumu. Kwa nini metali haziharibu vimeng'enya vyao, yaani protini zinazoendesha kazi za seli?

Kisima: Ndugu, kabla ya metali kuna hatari iliyojificha ndani ya chakula chenyewe. Ndani ya seli pH hukaribia 6.5, kwa hiyo asidi ya siki, ambayo kwenye maji yenye asidi kali hubaki na protoni yake (ayoni ya hidrojeni), hupenya utando bila kizuizi na kuiachia protoni hiyo ndani. Kiasi kidogo tu huua wengi wao. Glukosi haina hila hiyo. Acidiphilium cryptum huila, na oksijeni ikipungua hupeleka elektroni kwenye chuma cha feriki (chenye chaji +3) na kukigeuza kuwa feri (chenye chaji +2), yaani metali hiyo humsaidia kupumua.

Mkemia wa Pwani: Naongezea kuhusu metali. Bakteria hawa huvuta potasiamu hadi upande wa ndani wa utando unakuwa na chaji chanya, kinyume cha bakteria wengi, na chaji hiyo huzirudisha nyuma ayoni za shaba na zinki. Huko nje protoni nazo hugombea sehemu za kunatia kwenye seli, salfeti hushikana na sehemu ya metali, na zile chache zinazopenya hutolewa kwa pampu. Kinga hii ina tundu: ayoni zenye chaji hasi huvutwa ndani, ndiyo maana hata kloridi ya chumvi ya mezani huwadhuru.

Mwanamaabara: Nashukuru. Basi mbona Acidithiobacillus ferrooxidans wangu, bakteria wanaopata nishati kutoka kwenye chuma, hawaoti kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria?

Kisima: Asidi huvunja agari na kutoa sukari na asidi ya piruviki, ambazo ni sumu kwao. Mtafiti wa bakteria Barrie Johnson wa Bangor, Wales, alitumia agari ya tabaka mbili: la chini huwekwa Acidiphilium au Acidocella, wanaokula mabaki hayo, na la juu huachiwa bakteria wa chuma. Jaribu hivyo kabla hujabadilisha kiasi cha chuma.